Mzee wa Miaka 90 Bado Ana Lengo la Afya

Wengi huamini kwamba mzee akishaingia makao ya wazee hana tena lengo la afya la kujiwekea, bali ni wa kutunzwa tu. Si kweli. Mwaka 1990, watafiti wa Boston, Marekani, walieleza jinsi wakazi dhaifu wa makao hayo, wenye umri wa takriban miaka 90, walivyonyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8, nguvu za misuli zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha mikongojo. Kwa hiyo mhudumu asimpangie mzee lengo, amuulize. Bibi akijibu, “Nataka kuinuka kitini bila kushikwa mkono,” hapo ndipo pa kuanzia: kuinuka mara chache kila asubuhi, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani.