Jicho la Jack Russell

Ijumaa moja jioni mama mmoja wa Chumbageni aliniletea mbwa wake ndani ya kapu la ukili, kichwa tu kikichungulia. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu, limefumba nusu, na kioo chake kimeingia ukungu wa rangi ya maji ya mchele.

"Daktari, watoto wa jirani wamempiga jiwe."

"Umewaona, mama?"

"Sikuwaona. Kwani huyu huaga akitoka?"

Jack Russell, mbwa wa aina ya terrier, haagi. Hapa Tanga wengi huwachukua kwa sababu ni wadogo, sentimita 25 hadi 30 begani na kilo 5 hadi 6, wakidhani wamepata pambo la barazani. Udogo ule ni wa kazi. Neno terrier lenyewe linatokana na terre, ardhi kwa Kifaransa. Mchungaji wa kanisa John Russell wa Devon, Uingereza (1795–1883), ambaye mbwa hawa wamepewa jina lake, alikuwa na uchu wa kuwinda kuliko kawaida ya wachungaji. Inasimuliwa kwamba mwaka 1819, akiwa mwanafunzi Oxford, alimwona jike aitwaye Trump kwa muuza maziwa akamnunua palepale. Alitaka mbwa atakayemfuata mbweha shimoni, ambwekee mpaka atoke, asimuue. Weupe mwingi mwilini ulisaidia asidhaniwe kuwa mbweha mwenyewe. Mpaka leo kifua hupimwa kwa viganja viwili: unakizungushia mikono nyuma ya miguu ya mbele, vidole vikutane. Nami huwapima hivyo mezani. Siku hizi kwa wengi vidole havikutani, na kosa si la mbegu, ni la wali wa mabaki usiku.

Kwa hiyo ukimleta nyumbani kwako Raskazone, jua umeleta mchimbaji. Atafukua chini ya ua, atafuata panya buku mpaka uvunguni mwa rundo la mbao, na akishaingia hasikii jina lake. Zika waya wa ua ardhini, usiuishilize juu ya udongo. Wateja wangu wengi hawamruhusu mbwa ndani kwa ajili ya unajisi wa mate, na hilo halina ubaya. Ana vyombo vyake, ana banda lenye kivuli, inatosha. Usimfunge mnyororo kutwa nzima tu. Atabweka mpaka jirani aende kwa mjumbe. Mtembeze mara mbili, alfajiri na baada ya alasiri, hasa miezi ya kaskazi ambapo joto la Tanga huwaangusha hata mbwa wa kienyeji. Na mkishuka ufukweni maji yamekupwa, shika kamba: bunju aliyetupwa mchangani na wavuvi humuua mbwa kama anavyomuua mtu.

Kupe simalizi kuwasema. Yule wa kahawia hutagia kwenye nyufa za ukuta, kwa hiyo kumpaka mbwa dawa na kuliacha banda ni kazi bure. Tazama ndani ya masikio na katikati ya vidole, kila siku. Wala usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukaipunguza kwa macho. Mwili wa kilo 5 hauna nafasi ya makisio.

Turudi kwenye jicho, maana hapo ndipo watu wanapochelewa. Likiingia ukungu, mwenye mbwa husema ni jiwe au mtoto wa jicho, akasubiri. Mimi huwaza mambo matatu. La kwanza ni swila. Mbwa anayeingiza pua kila shimo siku moja atatemewa mate ya sumu usoni. Hapo osha kwa maji safi, mengi, dakika 15 mpaka 20, kisha uje. Maziwa na majani yaacheni. La pili ni ugonjwa wa mbung'o. Wenye mashamba upande wa Pangani na Saadani wanawajua hao nzi. Mbwa hupata homa, hukonda, tezi huvimba, na macho hugeuka buluu yote mawili au moja. Dawa yake ipo, lakini sindano ya ng'ombe aliyopigwa na jamaa mwenye nia njema inaweza kumharibu ubongo.

La tatu amezaliwa nalo. Katika ukoo huu wa mbwa kuna kasoro ya kurithi inayolegeza nyuzi zinazoshikilia lenzi ya jicho, mara nyingi kati ya miaka 3 na 8. Nyuzi zikikatika lenzi inaangukia mbele, inaziba njia ya majimaji, presha ya jicho inapanda. Maumivu yake ni makali, na jicho linaweza kupofuka ndani ya siku moja au mbili. Kipimo cha vinasaba kipo, na kabla ya kununua mtoto wa Jack Russell ningeuliza majibu ya wazazi wake kabla ya kuuliza bei.

Yule wa kapuni alikuwa na miaka 5. Nilimgusa juu ya kope kwa ncha za vidole: kulia laini, kushoto gumu kama kokwa. Nikazima taa, nikamulika jicho la kulia, lile zima. Pembeni mwa mboni palikuwa na upindo mwembamba unaong'aa, kama mwezi mwandamo. Ule ni ukingo wa lenzi iliyoanza kuhama. Kumbe na la kulia lilikuwa njiani.

La kushoto halikuokoka, tulilitoa Jumatatu. La kulia alipelekwa mbali kufanyiwa upasuaji wa kutoa lenzi kabla haijaanguka, na sasa huona kwa ukungu. Panya anawakamata kama zamani, kwa pua. Mama yule huzima taa ya jikoni kila Ijumaa, humulika kwa tochi ya simu, kisha hunipigia: "Daktari, leo jicho laini, halijawa jekundu."