Chatu Hakohoi: Tunayoambiana Kuhusu Nyoka Mgonjwa

Usukumani chatu si mgeni. Wacheza ngoma humvisha shingoni mbele ya watu, na ukifika Makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, utasikia habari za Wayeye, mafundi wa nyoka wa jadi. Ndiyo maana Mwanza hukosi wa kukushauri nyoka wako akiugua. Ushauri mwingine, bahati mbaya, unaua.

"Mwanza kuna joto, taa ya nini?" Hii ndiyo inayoua zaidi, kwa maoni yangu. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 20. Chatu anataka kona yenye nyuzi 31 hadi 33, na upande wa pili wenye kama 26 wa kupoa. Akikaa kwenye baridi siku nyingi kinga hushuka, na mapafu huwa ya kwanza kulipa. Hapo wengi husubiri wasikie kikohozi. Nyoka hana kiwambo cha kusukuma makohozi nje, kwa hiyo angalia mengine: anahema mdomo wazi, pua zinapiga mluzi, mapovu yanatoka puani, kichwa amekiinua juu muda mrefu. Funua mdomo taratibu. Usaha wa nyoka hautiririki, huganda kama jibini kwenye fizi. Huyo ni wa daktari wa mifugo, si wa unga wa dawa ya kuku uliobaki stoo. Na taa yenyewe izungushie wavu, maana chatu hujikunja juu ya kitu cha moto mpaka ngozi iungue.

"Hajala wiki tatu, anakufa." Chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa hata miezi bila kula, na akikaribia kujivua gamba mara nyingi hukataa chakula. Usihesabu siku, pima uzito: mtie kwenye kiroba safi, mning'inize kwenye mzani, andika. Kilo zikishuka na uti wa mgongo ukichongoka, hapo kuna jambo. Kumshindilia panya wakati mwili ni wa baridi ni kumtafutia kutapika. Akitapika, mwache kama wiki mbili kabla ya kumpa kingine, kidogo kuliko kile cha kwanza.

"Macho yameingia ukungu, kapofuka." Anajivua tu. Ukungu hutoka wenyewe baada ya siku chache, kisha gamba hufuata. Kiangazi likitoka vipandevipande, hewa ni kavu mno: mpe beseni la maji ya vuguvugu, na kigamba cha jicho usikibandue kwa kucha.

"Anapenda maji huyu, anashinda kwenye beseni." Mtazame chini ya kidevu na pembeni ya macho. Vidoti vyeusi vinavyotembea ni utitiri. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiiguse, inaweza kummaliza yeye kabla ya utitiri.

Maziwa hanywi. Maji safi yanatosha.

Wapo wanaokwepa daktari kwa sababu hawana kibali cha kufuga mnyamapori. Kibali kitafute mapema TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, kabla hajaugua. Maana kuna dalili isiyosubiri Jumatatu: akipinda shingo nyuma akabaki anatazama juu, na ukimlaza chali hawezi kujigeuza, mpeleke siku hiyohiyo, na ukimaliza kumshika nawa mikono kwa sabuni.