“Steringi hafi” na dhana nyingine potofu kuhusu anime za mapigano

Katika maduka ya kurushia muvi ya Mtwara mjini, kijana anayeingia na flashi mkononi siku hizi huulizia anime za mapigano, yaani michoro inayotembea kutoka Japani, kabla hajaulizia kitu kingine. Nimezifuatilia kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, kwanza katika banda umiza moja la Chikongola na baadaye kwenye simu yangu mwenyewe, na jambo linaloniuma ni kwamba mara nyingi zinasifiwa kwa udhaifu wao na kulaumiwa kwa nguvu zao. Kwangu mimi kipimo cha kazi hizi ni kimoja: pigano linamgharimu nini anayepigana, na gharama hiyo inadumu kwa muda gani. Uzuri wa rangi, idadi ya vipindi na ukubwa wa milipuko ni mambo yanayokuja baada ya hapo.

Dhana: Hizi ni katuni za Wachina.

Dragon Ball, Naruto, Bleach na One Piece zote zimetengenezwa Japani, na nyingi ya anime hizi zilianza kama manga, yaani hadithi za michoro zinazochapishwa kwenye majarida na vitabu. China nayo inatengeneza michoro yake ya mapigano, lakini huo ni utamaduni mwingine wenye historia yake.

Dhana: Kwa kuwa ni michoro, ni za watoto.

Dhana hii ina madhara, kwa sababu mzazi anayeiamini humwacha mtoto wa darasa la pili mbele ya skrini akidhani yuko salama. Huko Japani kwenyewe watangazaji hutofautisha. Dragon Ball Z ilioneshwa saa moja jioni, wakati familia zikiwa pamoja, ilhali Attack on Titan, iliyoanza mwaka 2013, ilirushwa usiku wa manane. Anayeijua anaelewa sababu: katika kipindi cha kwanza kabisa mvulana anashuhudia mama yake akiliwa na jitu, na hadithi nzima iliyoendelea hadi mwaka 2023 inahusu chuki, kisasi na mauaji ya halaiki. Neno la Kijapani shonen, ambalo vijana wetu hulitumia kana kwamba ni aina ya hadithi, linataja tu wasomaji wanaolengwa na jarida, yaani wavulana, na haliwezi kumwambia mzazi kilichomo ndani. Ushauri wangu kwa mzazi ni kutazama vipindi viwili vya mwanzo yeye mwenyewe. Dakika arobaini na tano zinatosha.

Dhana: Michoro ikipinda, wachoraji wameshindwa kazi.

Msimu wa korosho uliopita, nikiwa nimekaa barazani jioni, mpwa wangu wa darasa la saba alinijia na simu.

“Shikamoo mjomba. Hebu ona hapa, hawa wamechora vibaya.”

“Marahaba. Picha umeisimamisha mwenyewe?”

“Hapana, nimetumiwa kwenye grupu.”

Ilikuwa picha ya Pain, adui wa Naruto, kutoka kipindi cha 167 cha Naruto Shippuden kilichorushwa mwaka 2010. Uso umevutika kama ndala iliyosahaulika juani, jicho moja limepanda na taya limekwenda upande. Ikiwa imesimama hivyo, kwa kweli inachekesha, na kwa miaka mingi imesambazwa kama ushahidi kwamba pigano lile liliharibiwa na wachoraji.

Ili kulijibu jambo hili ni lazima kueleza jinsi michoro inavyotembea. Sekunde moja ya filamu hubeba picha 24. Tangu Osamu Tezuka na wenzake walipoanza kurusha Astro Boy kila wiki mwaka 1963, kwa fedha kidogo na muda mfupi, wachoraji wa Japani walizoea kuchora michoro 12 au 8 tu kwa sekunde, kila mmoja ukioneshwa mara mbili au mara tatu mfululizo. Kwa kuwa michoro ni michache, kila mmoja unalazimika kubeba mwendo mwingi, na kwa hiyo mchoraji hodari huuvuta mwili, huubonyeza au huugeuza mchirizi, akijua kwamba jicho litauona kwa kitambo kisichotosha hata kupepesa.

Sikutaka anisadiki kwa maneno matupu, kwa hiyo nilichukua daftari lake la hisabati nikachora kwenye pembe za kurasa nane mtu mdogo anayerusha ngumi, mkono ukiwa na urefu uleule katika kila ukurasa. Tulipozipeperusha kurasa kwa kidole gumba, mkono ulirukaruka kama wa mwanasesere wa mbao. Nikachora tena kwenye kurasa nyingine nane, lakini safari hii katika ukurasa wa nne na wa tano nikaurefusha mkono kupita kiasi na ngumi ikawa doa lililotandazwa. Tulipozipeperusha, ngumi ilikuwa na uzito. Alizirudia kurasa zile mara nyingi, kisha akausimamisha ukurasa wa tano na kuutazama ule mkono mbaya kwa muda mrefu bila kusema neno.

Sisi wa Mtwara tungepaswa kulielewa hili kabla ya watu wengine, kwa sababu tumekulia karibu na vinyago vya Kimakonde. Kinyago cha mtindo wa shetani kina jicho kwenye paji la uso, mkono unaotokea mgongoni na mdomo unaoishia shingoni, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayemwambia fundi kwamba hajui binadamu alivyo. Fundi anajua, na ameupinda mti kwa kusudi. Wachoraji wa kipindi kile nao waliipinda miili ya Naruto na Pain kwa sababu wakati huo Naruto alikuwa amepoteza utawala wa nafsi yake na hasira imemmeza, na mwili uliochorwa kwa unadhifu ungesema uongo.

Hata hivyo sitetei kila mstari uliopinda. Kazi mbaya ipo, na chanzo chake kikubwa ni ratiba ya kutoa kipindi kila wiki mwaka mzima, ambacho kila kimoja kinadai maelfu ya michoro. Njia yangu ya kutofautisha ni hii: mwili ukipinda ukiwa katika mwendo mkali, huenda ni ufundi, uso ukipinda wakati mhusika amesimama anazungumza tu, hiyo ni haraka. Naruto na Bleach za miaka ile zina vipindi vingi vya namna hii ya pili, na anayezipenda kweli hapaswi kulificha hilo.

Dhana: Zinafundisha majini na uchawi.

Bibi mmoja aliyekuja dukani kumtoa mjukuu wake alilisema hili kwa uchungu, na sikumwona mjinga, kwani anachokiona kwenye skrini ni mbweha mwenye mikia tisa aliyefungiwa ndani ya tumbo la mtoto, yaani Naruto. Ukweli ni kwamba mbweha huyo ametoka katika ngano za Japani, ambamo mbweha ni mnyama mwerevu mwenye nguvu za ajabu, kama ambavyo sungura na fisi wana tabia zao katika ngano zetu. Masimulizi hayamwombi mtazamaji amwabudu. Yanaeleza mtoto aliyebebeshwa mzigo asiouchagua, kijiji kikamchukia kwa ajili ya mzigo huo, na miaka mingi ya kujenga urafiki na kile alichoambiwa akiogope. Naiona hii kuwa nguvu kubwa kuliko zote za Naruto. Wasiwasi wa bibi yule kuhusu damu na vipigo ni suala tofauti, na hapo namuunga mkono.

Dhana: Anime ndefu ndiyo anime bora.

Vijana hutajiana idadi ya vipindi kana kwamba ni magunia ya korosho. Naruto ya kwanza ina vipindi 220, Shippuden ina 500, Bleach ya mwanzo ina 366, na One Piece, iliyoanza kurushwa mwaka 1999, imepita 1,000 na bado inaendelea. Urefu huo haukutokana na wingi wa hadithi pekee. Manga ya Naruto ilikuwa ikitoka sura moja kwa wiki, yenye kurasa zisizozidi ishirini hivi kwa kawaida, na kipindi kimoja cha anime huweza kumeza zaidi ya sura moja. Anime ilianza mwaka 2002 ikiwa na akiba ya miaka mitatu ya manga, ikaila akiba hiyo, na kituo cha televisheni hakikutaka kuacha nafasi yake ya kila wiki. Matokeo yake, kuanzia kipindi cha 136 hadi karibu na mwisho, Naruto ilijazwa visa ambavyo mwandishi Masashi Kishimoto hakuviandika katika manga yake. Dragon Ball Z ilitumia njia nyingine ya kusubiri, ambayo ni kuvuta muda: adui aitwaye Frieza anatangaza kwamba sayari italipuka baada ya dakika tano, kisha pigano linaendelea kwa vipindi kadhaa.

Kwa kipimo changu, hiki ndicho kidonda kibaya zaidi cha anime za zamani, kwa kuwa kisa cha kujazia hakiruhusiwi kumbadilisha mtu yeyote. Hakuna anayeweza kufa, kupoteza mkono wala kujifunza jambo kubwa, maana wiki hadithi ya kweli itakaporejea kila kitu lazima kiwe mahali pake. Pigano lisiloweza kugharimu chochote ni mazoezi ya viungo. Watengenezaji wenyewe walilijua tatizo: mwaka 2009 Dragon Ball Z ilianza kutolewa upya kwa jina la Dragon Ball Kai, ikiwa imekatwa mafuta mengi, na Bleach iliporudi mwaka 2022 ilirudi kwa misimu mifupi yenye mapumziko katikati. Demon Slayer ya mwaka 2019 ilikuwa na vipindi 26 tu katika msimu wake wa kwanza, na studio ya ufotable ilipata muda wa kukichora kipindi cha 19 kwa namna ambayo mtu aliyekitazama hakisahau.

Dhana: Maneno mengi katikati ya pigano ni upotevu wa muda.

Inategemea maneno yanafanya kazi gani. Katika Hunter x Hunter mpiganaji anaeleza masharti ya uwezo wake, na masharti hayo ndiyo yanayomfunga baadaye, kwa hiyo asiyesikiliza hataelewa kwa nini ameshindwa. Wahusika watatu wakisimama pembeni na kutusimulia ngumi tuliyoiona sote, hapo malalamiko ni ya haki.

Dhana: Ni kazi za wanaume kwa ajili ya wavulana.

Fullmetal Alchemist iliandikwa na kuchorwa na mwanamke, Hiromu Arakawa, aliyekulia katika shamba la ng’ombe wa maziwa huko Hokkaido, na nadhani mtoto wa mkulima yeyote wa Masasi au Nachingwea ataitambua jasho la shambani katika jinsi wahusika wake wanavyokula, wanavyofanya kazi na wanavyoheshimu kiumbe waliyemchinja. Inuyasha nayo ni ya Rumiko Takahashi. Udhaifu upo kwa wahusika wenyewe: Sakura wa Naruto anapewa uwezo mkubwa kisha anaachwa kando mara kwa mara akiwatazama wavulana wawili, na wanawake wa Dragon Ball Z mara nyingi hubaki nyumbani wakisubiri habari. Arakawa alimfanya Olivier Armstrong kuwa jenerali anayelinda mpaka wa kaskazini, na hakuna mtu ndani ya hadithi anayeomba radhi kwa hilo.

Dhana: Steringi hafi.

Hii tulirithi kutoka kwenye filamu za mapigano za banda umiza, ambako mhusika mkuu, ambaye sote tulimwita steringi, angeweza kupigwa risasi kumi akainuka. Katika anime kanuni hiyo ilivunjwa zamani. Goku, ambaye ndiye steringi, anakufa mwanzoni tu mwa Dragon Ball Z, mwaka 1989, akiwa amemshikilia ndugu yake Raditz ili mwali wa Piccolo uwatoboe wote wawili. Katika One Piece, Ace, kaka wa kiapo wa steringi Luffy, anakufa mikononi mwa mdogo wake baada ya vita vizima vilivyopiganwa ili aokolewe.

Swali la maana zaidi ni kama aliyekufa anabaki amekufa. Mipira saba ya Dragon Ball ikikusanywa humrudisha marehemu, na kila inapotumika kifo kinapungua uzito hadi mtazamaji anaacha kuogopa. Katika Naruto, Pain anaua sehemu kubwa ya kijiji, Kakashi akiwemo, kisha anatubu na kuwafufua kwa uhai wake. Nilifurahi siku ile kama mtoto, lakini tangu hapo sikuweza tena kuogopa kwa moyo wote katika hadithi hiyo. Linganisha na Jiraiya, mwalimu wa Naruto, ambaye hakurudi: Naruto ameketi peke yake kwenye benchi usiku, ameshika aiskrimu ya kijiti ambayo hali, nayo inayeyuka na kudondoka chini. Hakuna ngumi hata moja katika tukio hilo, na bado ndilo linaloyapa uzito mapigano yote yanayofuata.

Ni kwa sababu hii naiweka Fullmetal Alchemist: Brotherhood, yenye vipindi 64, juu ya nyingine zote. Inaanza na watoto wawili wanaojaribu kumfufua mama yao. Mmoja anapoteza mguu na kisha mkono, mwingine anapoteza mwili wote, na mama harudi. Baada ya hapo mtazamaji ameshaambiwa sheria. Mpwa wangu nilimrushia vipindi vyote kwenye flashi, akafika cha 10, ambamo Maes Hughes, baba mcheshi anayemwonesha kila mtu picha za binti yake, anauawa kwenye kibanda cha simu. Makaburini binti yule mdogo anauliza kwa nini wanamfukia baba, wakati bado ana kazi nyingi za kufanya.

“Mjomba, anarudi kipindi cha ngapi?”

Nilimwambia harudi. Alivitazama vipindi 54 vilivyobaki polepole kuliko ilivyo kawaida yake, na kila mhusika alipoinua mkono wa simu aliniita nije niketi naye.