Mgonjwa akisema "ndiyo dokta" usifunge daftari bado

Wote mliowahi kukaa kwenye benchi ya kituo cha afya hapa Uganda mnalijua lile daftari la shule ambalo mgonjwa anakuja nalo mwenyewe, jina limeandikwa juu kwa kalamu ya biki, ndani kuna miandiko minne mitano ya madokta ambayo hata wao kwa wao hawasomani. Dokta anainama anaandika, anauliza hukuhuku anaandika, kichwa kinauma? unatapika? tangu lini? mgonjwa anaongea na utosi wa mtu. Mwisho dokta anauliza "umeelewa?" na mgonjwa anajibu "ndiyo dokta, asante", anachukua daftari lake anaenda dirisha la dawa.

Hiyo "ndiyo" ndio nataka tuiongelee leo. Sisi tunaofundisha wahudumu wa afya tunaisikia kila siku na ninavyoona mimi ndiyo inayotudanganya kuliko kitu kingine chochote kwenye chumba cha matibabu. Na nikisema dokta hapa nawasema wote, klinikali ofisa, sista, mkunga, hata yule wa dirishani, maana mgonjwa mwenyewe anatuita wote dokta.

Kwetu huku mtu hamjibu mkubwa "sijaelewa", ni kama kumwambia hajui kuongea. Kuna wamama mpaka leo wanapiga magoti wakisalimia ofisini, sasa huyo utegemee akwambie hapana? Alafu nje foleni imefika kwenye mti wa mwembe, ametoka nyumbani alfajiri, ametumia hela ya bodaboda, anachotaka ni dawa na aende. Kwa hiyo swali la "umeelewa?" halikupi habari yoyote, linakupa jibu la adabu tu.

Badala yake fanya hivi. Ukimaliza kueleza sema, "Mama, leo nimeongea mambo mengi na mimi wakati mwingine naenda mbio, hebu niambie ukifika nyumbani dawa hii utampa mtoto vipi, nione kama nimeeleza vizuri." Umeona mzigo umeuweka wapi? Umeuweka kwako wewe, sio kwake, hafanyi mtihani. Akikosea unaeleza tena kwa njia nyingine halafu unamuuliza tena, usirudie maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, haka ni kaugonjwa ketu sisi wahudumu, tunadhani asiyeelewa hasikii.

Chukua malaria ambayo ndiyo mkate wetu wa kila siku. Mtoto wa kilo 12 amepimwa amekutwa nayo, anapewa Coartem, tembe moja mara mbili kwa siku kwa siku tatu, jumla tembe sita. Kwenye kibahasha kimeandikwa 1x2 basi. Lakini ile dozi ya pili inatakiwa masaa manane baada ya ya kwanza, sio usiku wowote ule, kisha zinazobaki ndio zinaenda asubuhi na jioni. Mama amempa ya kwanza saa tano asubuhi palepale kituoni, ya pili ni saa moja jioni, nani amemwambia? Halafu dawa hii inaingia vizuri mwilini ikimezwa na chakula chenye mafuta au maziwa, nani amemwambia? Na kubwa kuliko yote, kesho yake mtoto anacheza, joto limeshuka, mama anaona amepona na tembe zilizobaki anaziweka juu ya kabati za kumsaidia mdogo wake siku nyingine. Huyo mama sio mjinga wala sio mkaidi, ni mtu wa kubana matumizi, ila hakuna aliyemwambia kwamba joto linaweza kushuka wakati vijidudu vingine bado vimo kwenye damu. Sekunde ishirini tu hizo. Mchoree kwenye daftari lake jua na mwezi, chini ya kila kimoja chora tembe, hata asiyesoma atafuata.

Kuna makala ya mtafiti Kessels ya mwaka 2003 inayosema kati ya asilimia 40 na 80 ya maelezo ya kitabibu mgonjwa anayasahau papo hapo, na katika yale anayoyakumbuka karibu nusu anayakumbuka vibaya. Hiyo ni kwa watu wa nchi zilizosoma, sasa wewe mpe mama mwenye mtoto analia mgongoni maelezo saba kwa pumzi moja uone kitakachofika nyumbani. Bora mpe matatu yafike.

Najua mtakachosema, "wewe unaongea hivo kwa sababu hukai kwenye OPD, pale wanapotibiwa wagonjwa wasiolazwa, yenye wagonjwa themanini na wahudumu wawili". Ni kweli, tangu ada za hospitali za serikali zifutwe mwaka 2001 watu walijaa na wahudumu hawakuongezeka kwa kasi hiyohiyo, sibishi. Lakini tuangalie muda wenyewe unapotelea wapi. Marekani mwaka 1984 watafiti Beckman na Frankel walisikiliza mazungumzo ya madokta na wagonjwa wakakuta dokta anamkatiza mgonjwa kwa wastani baada ya sekunde 18. Kumi na nane! Tena Uswisi mwaka 2002 watafiti wengine wakawaambia madokta wanyamaze tu mpaka mgonjwa amalize mwenyewe, wakapima kwa saa, wastani ukatoka sekunde 92, na karibu wanane kati ya kumi walikuwa wamemaliza ndani ya dakika mbili. Hizo sio OPD zetu, sawa, lakini ule uoga wetu kwamba tukimwachia mzee ataanza hadithi ya tangu enzi za Obote hauna msingi mkubwa. Mgonjwa aliyekatizwa anarudi wiki ijayo na shida ileile, na hapo ndio muda umekwenda kweli.

Alafu kuna lile la mlangoni. Mmemaliza, mgonjwa amesimama, ameshika kitasa, ndio anageuka, "dokta, na kuna kingine kidogo..." Hicho kidogo ndicho kilichomleta. Mara nyingi tunakikaribisha sisi wenyewe kwa kuuliza "hakuna kingine eh?", swali ambalo limeshajijibu. Uliza mapema akiwa bado amekaa, "nini tena umekuja nacho leo?" halafu nyamaza, weka kalamu chini.

Mzee wa presha ni mfano ambao sitauacha. Amepewa dawa, mwezi wa pili harudi, wa tatu anakuja presha iko juu sana, dokta anafoka, "mzee kwani wewe unataka kufa?" Mzee anasema alisahau. Hakusahau. Pengine alimeza za mwezi mmoja akajiona mzima akajua amepona, kwa sababu dawa zote alizowahi kumeza maisha yake zilikuwa za kumaliza na kupona, na hakuna aliyemwambia kuwa hii ya presha haiponyeshi, inashikilia tu, ukiiachia presha inarudi na mara nyingi haipigi hodi. Au pengine ni ile nyingine ambayo hataisema kamwe kwa binti wa umri wa mjukuu wake aliyekaa mbele yake na koti jeupe, kwamba tangu aanze tembe zile mambo ya chumbani yamelala. Baadhi ya dawa za presha kama zile za kutoa maji na zile za kundi la atenolol zinaweza kufanya hivyo kwa wanaume wengine, na kuna nyingine za kubadilisha. Ila lazima ajue kuwa inasemeka. Binti anaweza kusema, "Mzee, wazee wengine wanaotumia dawa hii wananiambia nguvu za kiume zimepungua, kwako ikoje?" Umeshamwonesha kuwa sio yeye peke yake na wewe hushangai. Mlango uwe umefungwa lakini, sio chumba kimoja meza mbili na foleni inachungulia.

Dawa za miti shamba ni hivyohivyo. Mgonjwa amekunywa mululuza, yale majani machungu, wiki nzima, mama mjamzito anatumia mumbwa, ule udongo wenye dawa, aliyopewa na mama mkwe, ukiuliza kwa jicho kali "umetumia nini huko kijijini?" atakwambia hajatumia kitu. Uliza kama unavyouliza chakula, "na nyumbani mmeshajaribu nini?"

Lugha nayo. Kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja kuna wengi wa Kongo ambao Kiswahili ndiyo lugha wanayoijua, na dokta ametoka Mbale au Masaka. Baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi wa saba 2022 lakini karatasi haimfundishi mtu kuuliza "unatokwa uchafu wa rangi gani". Kinachotokea anaitwa mtoto wa mgonjwa atafsiri. Tafadhali msifanye hivyo. Mtoto wa miaka kumi hawezi kubeba habari za mimba iliyotoka za mama yake, na mama hatasema. Tafuta mtu mzima, ikiwezekana mwanamke kwa mwanamke, mwambie kabisa kuwa kinachosemwa humu hakitoki, halafu mwangalie mgonjwa sio mkalimani, sema "mama, damu ilianza lini?" sio "muulize damu ilianza lini". Sentensi fupi fupi, moja moja.

Na haya sio mambo ya kizungu tuliyoletewa. TASO, shirika la kusaidia watu wenye Ukimwi, ilipoanzishwa hapa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, dawa za kupunguza makali ya Ukimwi kwetu hazikuwepo, walichokuwa nacho zaidi ni kukaa na mtu wakaongea naye bila kumnyanyapaa, na watu walikuja.

Kwa wewe mgonjwa unayesoma, Wizara ya Afya ilitoa mkataba wa haki za wagonjwa mwaka 2009, una haki ya kuambiwa unaumwa nini, ya kukubali au kukataa matibabu na ya siri zako kutunzwa. Nenda na vibahasha vya dawa zote unazomeza, hata tupu, na shida yako kubwa itaje kwanza sio mwisho. Kama hukuelewa sema "dokta, ngoja nikurudishie nione kama nimeshika", hakuna dokta anayepaswa kukasirika hapo, na akikasirika au akikutukana mwone in-charge, yaani mkuu wa kituo. Kituo cha serikali kina kamati ya usimamizi yenye wanakijiji ndani yake, waulize VHT wenu, wale wahudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, wanakamati ni akina nani, maana mara nyingi ni majirani zenu kabisa.