Filamu za magenge zilitangulia sauti
Wapenzi wengi wa sinema huamini kwamba filamu za magenge ya wahalifu zilianza Marekani mwaka 1931, milio ya bunduki ilipokuwa tayari inasikika ukumbini. Imani hiyo inawanyima haki waanzilishi wa enzi ya filamu bubu. Mwaka 1912 D. W. Griffith alionyesha magenge ya vichochoro vya New York katika The Musketeers of Pig Alley, na mwaka 1915 Raoul Walsh akatoa Regeneration. Iliyo muhimu zaidi, kwa maoni yangu, ni Underworld ya mwaka 1927, iliyoongozwa na Josef von Sternberg, ambayo hadithi yake, iliyobuniwa na Ben Hecht, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari Chicago, ilishinda tuzo katika sherehe ya kwanza kabisa ya Oscar, mwaka 1929.