Picha moja, ripoti mbili, na kanjanja asiyekuwepo

Nimeletewa tena ripoti mbili za CT ya ini moja, na swali ni lile lile: "Daktari, kati ya hawa wawili nani hajui kazi?" Ya kwanza inasema saratani imeitikia tiba kwa sehemu. Ya pili inasema ugonjwa umetulia. Ndugu wameshaamua kuwa mmoja ni kanjanja.

Haya, tupige hesabu. Kabla ya TACE (tiba ya kuziba mishipa inayolisha uvimbe, mara nyingi pamoja na dawa ya saratani), sehemu hai ya uvimbe ilikuwa milimita 40. Baada yake, msomaji mmoja kapata 27, mwenzake 29. Wa kwanza ana upungufu wa 32.5%, wa pili 27.5%. Kigezo cha mRECIST, kanuni ya kupima saratani ya ini imeitikiaje tiba, kinadai upungufu wa angalau 30% ndipo tuseme imeitikia kwa sehemu. Basi. Tofauti ni milimita mbili, na mstari wa 30% ni makubaliano ya watu. Ini halina habari nao.

Wakati mwingine hata kigezo si kimoja. RECIST 1.1 ya 2009, kanuni ya saratani kwa jumla, inapima uvimbe mzima, mRECIST ya Lencioni na Llovet ya 2010 inapima sehemu hai tu, ile inayong'aa kwenye awamu ya ateri, yaani picha inayopigwa kontrasti (dawa ya kung'arisha picha) inapofika kwenye ini kupitia ateri. Uvimbe uliokufa baada ya TACE mara nyingi haupotei haraka, unaweza kubaki palepale na ukubwa wake. Kwa hiyo ripoti isiyotaja kigezo huwa naikunjia uso, hata kama kaiandika rafiki yangu.

Lakini ugomvi wetu hasa uko kwenye ukingo. Uvimbe umekufa katikati, pembeni kuna utepe unaong'aa. Ukiwa mwembamba na laini pande zote, mara nyingi ni mwili unajibu jeraha la tiba. Ukiwa na kinundu upande mmoja, hapo tunashuku saratani. Je, ukiwa mwembamba huku na mnene kidogo kule? Hapo mmoja anapima, mwingine anaupuuza, na wote wana sababu. Ongeza lipiodoli, mafuta yanayochanganywa na dawa kwenye baadhi ya TACE: kwenye CT ni nyeupe kiasi kwamba mng'ao wa kontrasti unaweza kujificha ndani yake, ndiyo maana baada ya TACE ya namna hiyo mimi hupendelea MRI. Ongeza picha ya ateri iliyopigwa mapema mno: kontrasti haijafika vizuri, na uvimbe hai unaonekana maiti. Hapo msomaji unamlaumu kwa lipi?

Baada ya mionzi, ikiwemo Y-90 (chembe za mionzi zinazoingizwa kwenye ateri ya ini), mambo ni magumu zaidi. Mng'ao unaweza kukaa miezi kadhaa na tiba inafanya kazi. LI-RADS ya 2024, mwongozo wa kusoma picha za ini, imeitengea mionzi njia yake, na ilichelewa.

Linalonisumbua mimi ni pale tunapokubaliana. Kappa, kipimo cha takwimu cha wasomaji kukubaliana, ikipanda tunapongezana, ilhali haisemi kama tuko sahihi. Kuna maini yaliyotolewa wakati wa upandikizaji, patholojia ikakuta seli hai ndani ya uvimbe ambao picha ilionyesha umekufa wote. Ndiyo maana sioni haya kuandika "haieleweki, rudia picha", ingawa wapo wenzangu wanaouita woga.

Mkija kuuliza, njooni na CD za picha za zamani, hasa ile ya kabla ya tiba. Ripoti ya karatasi siwezi kuipima upya.