Kitenzi "immure" na Ukuta Uliomo Ndani Yake

Kiingereza kina vitenzi vingi vyenye maana ya kufungia, kuzingira na kuzungushia, na vingi kati ya hivyo msomaji hukutana navyo mara kwa mara. "Immure" si mojawapo. Hujitokeza zaidi katika riwaya na maandishi ya historia, na kwa kuwa ni nadra, wafasiri wengi hukikisia kutokana na muktadha, wakaandika "kufunga", kisha wakaendelea na kazi. Tafsiri hiyo haipotoshi, lakini inaacha nje jambo ambalo mwandishi alilikusudia, nalo ni ukuta.

Asili ya kitenzi hiki ni "immurare" ya Kilatini cha karne za kati, iliyoundwa kwa kiambishi chenye maana ya ndani pamoja na nomino "murus", yaani ukuta. Kiliingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16, na Shakespeare ni miongoni mwa waliokitumia mapema. Katika tamthilia yake ya Richard III, malkia Elizabeth anayasihi mawe ya kale ya Mnara wa London yawahurumie watoto wake wadogo, ambao husuda imewafungia ndani ya kuta zake. Watoto hao ni wana wa mfalme Edward wa Nne, waliowekwa katika mnara huo mwaka 1483 na baadaye wasionekane tena. Kwa maoni yangu, hapa ndipo nguvu ya neno hili inapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kitenzi cha kawaida cha kutia gerezani kingetuelekeza kwenye amri ya mtawala, ilhali hiki kinatuonyesha mawe yenyewe yakiwa ndiyo yanayowashika watoto.

Maana hiyo ya kumfungia mtu penye kuta ndiyo ya kawaida. Ipo nyingine iliyo kali zaidi: kumweka mtu katika uwazi mdogo, kisha kuujengea ukuta akiwa hai ili afie humo. Wanahistoria wanapoizungumzia adhabu hiyo hutumia nomino "immurement", na mfasiri anayeandika "kifungo" mahali hapo amekosea kabisa, maana msomaji atadhani mfungwa alikuwa na siku ya kutoka. Ni afadhali kusema kwa urefu kwamba mtu huyo alijengewa ndani ya ukuta.

Katika matumizi ya kitamathali, mtu hujifanyia mwenyewe tendo hili. Mwanachuoni anayejifungia maktabani miezi mingi ili amalize kitabu, au mfiwa anayekataa kutoka chumbani, anaweza kuelezwa kwa kitenzi hikihiki kikifuatwa na kiwakilishi cha kujirejea. Hapo Kiswahili kina "kujifungia", na pale ambapo mtu amejitenga kwa ajili ya ibada, kina neno zuri zaidi, "kutawa", ambalo inasikitisha kuona wafasiri wakilisahau.

Kisarufi, "immure" ni kitenzi elekezi. Hakikamiliki bila yambwa, na mara nyingi hutumika katika kauli ya kutendwa, kikifuatwa na kihusishi "in" au "within". Hakifai kwa shamba lililozungushiwa ua wala kwa mji uliozingirwa na jeshi, kwani huko Kiingereza kina vitenzi vingine na mkazo wake hauko kwa aliyezuiwa ndani.

Wanafunzi hukichanganya pia na "immune", kivumishi cha mwenye kinga. Maneno haya hayana undugu. "Immune" limetokana na "immunis" ya Kilatini, aliyesamehewa wajibu au kodi, na kiambishi chake cha mwanzo kinakanusha, hali kile cha "immure" kinaelekeza ndani. Ndugu halisi wa "immure" ni "mural", picha ichorwayo ukutani, na "extramural", linalotumiwa na vyuo vikuu kwa masomo yanayotolewa nje ya kuta za chuo.